Mwenye 34 ni Nani?

Mlioko Chara, mlioko Garsen mjini, Minjila pale njia panda ya Lamu, Tarasaa, Idsowe, mpaka Kipini mto unakoingia baharini, karibuni. Kama ng'ombe wamesharudi zizini na chungu kiko jikoni, vuta kigoda ukae. Jioni ya leo tuna mazungumzo ya mpira, lakini si ule mpira wa miguu mliouzoea. Ni mpira wa kikapu. Na usizime redio kwa kuwa hujawahi kuucheza, maana mambo ninayotaka kusema yanakuhusu hata wewe uliyeshika jembe.

Wiki iliyopita nilikuwa Garsen. Nilipomaliza shughuli zangu nikatafuta usafiri wa kurudi Chara. Akaja kijana wa bodaboda, mpole, akanifungia mzigo wangu vizuri na mpira wa tairi, tukaondoka. Alikuwa amevaa fulana isiyo na mikono, ya rangi ya zambarau iliyopauka. Mgongoni palikuwa na nambari kubwa, 34. Juu ya nambari palikuwa na jina zamani, sasa zimebaki alama za gundi tu, huwezi kusoma hata herufi moja.

Nikamwuliza, "Kijana wangu, huyu wa mgongoni ni nani?"

Akacheka. "Mzee, hata sijui. Niliiokota kwenye mtumba pale sokoni. Kitambaa chake kina vitundu, hakishiki jasho."

Basi njia nzima mimi niko nyuma yake, uso wangu na ile 34, hatuachani. Wazee walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mimi siku ile nilitazama kisogo cha kijana wa bodaboda kutoka Garsen mpaka Chara, na kila tulipopita kwenye shimo nambari ile ilinirukia machoni. Nikawa najiuliza, mwenye 34 ni nani hasa? Maana nikihesabu wanaume waliowahi kuivaa wakajulikana dunia nzima, vidole vya mkono mmoja vinaniishia.

Na tuanzie hapohapo kwenye vidole. Kwa nini wachezaji wengi wakubwa wa kikapu wanagongana nambari? Kwa nini utasikia 33, 34, 23, 32, tena na tena, wala husikii 78 wala 69? Jibu liko kwenye mikono ya refa.

Mchezaji akifanya kosa, refa hupiga filimbi, akasimama, akaigeukia meza ya waandishi. Pale kelele ni nyingi, watu wanaimba, ngoma zinalia. Refa hawezi kupaza sauti. Anainua mikono na kuonyesha nambari kwa vidole. Sasa hebu wewe nyumbani inua mikono yako yote miwili. Mkono mmoja nyoosha vidole vitatu, mwingine vinne. Umeona? Hiyo ni 34. Haya, jaribu 78. Mkono mmoja una vidole vitano tu, saba utaitoa wapi? Ndiyo maana katika vyuo vikuu vya Marekani, kwa miaka mingi sana, sheria ilikataza tarakimu yoyote inayozidi 5. Sheria hiyo ilifunguliwa mwaka wa 2023 tu, juzi. Na wachezaji wengi wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walipitia vyuo hivyo kwanza, wakaondoka na nambari zao kama mtu anavyoondoka kwao na jina lake.

Huku kwetu, kwenye mashindano ya kimataifa na ya shule, mambo yalikuwa finyu zaidi. Nambari zilianza 4 zikaishia 15, basi. Timu ina watu kumi na wawili, nambari kumi na mbili. Moja, mbili na tatu hazikutumika kwa sababu kidole kimoja, viwili au vitatu vya refa vina maana nyingine, kama vile mitupo ya adhabu na pointi. Hata Michael Jordan, ambaye Chicago nzima ilimjua kwa 23, alipokwenda Olimpiki mwaka wa 1984 na tena Barcelona mwaka wa 1992, alivaa 9. Timu ile ya Marekani huko Barcelona ilianza na Angola, ikawashinda Waafrika wenzetu 116 kwa 48. Nalitaja hilo la Angola kwa sababu moja. Februari mwaka wa 2021, kule Yaoundé, timu yetu ya taifa, Morans, iliishinda Angola hiyohiyo 74 kwa 73, mpira wa mwisho ukitupwa na Tyler Ongwae saa ikiwa inakwisha, na Kenya ikarudi kombe la Afrika baada ya miaka 28. Nilikuwa nimelala, jirani akaja kunigongea mlango.

Lakini nisiende mbali. Nirudi kwenye nambari, niwape kisa changu mwenyewe ili mwone kuwa nambari si pambo.

Nilipokuwa sekondari, shule yetu ilikuwa na seti moja ya jezi za kijani, 4 mpaka 15. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo huu wetu mweusi, ambao mvua ikinyesha unashika mguu, jua likiwaka unapasuka nyufa, mpira ukidundia kwenye ufa unakwenda unakotaka wenyewe. Nguzo zilikuwa boriti za mikoko. Jezi mbili zikapotea. Mwalimu akatafuta fulana mbili zinazokaribiana rangi, tukazibandika nambari kwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda. Moja tukaiandika 14.

Mchezo ukaanza. Kufika kipindi cha pili, yule kijana wa 14 alikuwa amelowa jasho chapachapa. Ile plasta ya 1 ikaachia juu, ikaning'inia, ikadondoka. Ikabaki 4. Nambari 4 halisi nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeshapewa faulo nne. Mwenzangu akamgonga mtu mkono. Refa akapiga filimbi, akatazama mgongo, akaonyesha meza vidole vinne. Faulo ya tano. Nikatolewa nje kwa kosa la mtu mwingine, na hakuna aliyenisikiliza. Nimekaa pale kwenye benchi la mnazi, nikaona ile plasta imelala kwenye vumbi kama kamba ya kiatu, na mpaka leo nikifumba macho naiona.

Kwa hiyo nambari ndiyo inayobeba hesabu yako yote, kosa lako na sifa yako. Watu wawili wakivaa moja, hesabu zao huchanganyika. Uwanjani hilo ni tatizo. Je, wakiivaa kwa zamu, mmoja akiondoka mwingine akaingia, inakuwaje? Hapo ndipo mazungumzo yangu yanapotaka kufika.

Tuichukue 34.

Wa kwanza ninayemtaja ni Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, Nigeria. Alikulia kwenye mpira wa mikono na kudaka mpira wa miguu, kikapu alikishika akiwa kijana mkubwa tayari. Akaenda chuo kikuu cha Houston, akavaa 34. Mwaka wa 1984 vilabu vya NBA vilipokaa kuchagua vijana wapya, yeye ndiye aliyeitwa wa kwanza, na Michael Jordan aliitwa wa tatu. Akabaki palepale Houston na 34 yake, akawapa Rockets, klabu ya jiji hilo, ubingwa mwaka wa 1994 na tena mwaka wa 1995. Mpaka leo hakuna mtu katika NBA aliyezuia mitupo mingi ya wapinzani kuliko yeye.

Wenzangu mnaofunga, nisikilizeni hapa. Februari ya mwaka wa 1995 iliangukia Ramadhani. Olajuwon alifunga. Mechi nyingine zilichezwa mchana, yeye anakimbia, anaruka, anagongana na majitu, wala hata tone la maji halipiti kooni. Wenzake wakipumzika wanakunywa, yeye anasubiri magharibi. Na mwezi huohuo, nirudie, mwezi huohuo wa kufunga, NBA ilimchagua kuwa mchezaji bora wa mwezi. Sisi tunaojua joto la Garsen saa nane mchana wakati wa Ramadhani, tunajua kiu ile ni ya namna gani.

Wa pili, Charles Barkley. Huyu alikuwa mfupi kwa nafasi aliyocheza, mnene, mkali, lakini hakuna aliyemnyang'anya mpira uliodunda. Alivaa 34 Philadelphia, baadaye akaivaa Phoenix. Ila kuna msimu mmoja aliivua, na kisa chake kinanigusa sana. Novemba mwaka wa 1991, Magic Johnson, mwenye 32 wa Los Angeles Lakers, alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Mnakumbuka miaka ile? Mnakumbuka hapa kwetu mgonjwa alivyokuwa akiwekewa kikombe chake peke yake, watu wanamsalimu kwa mbali? Dunia nzima ilikuwa hivyo. Barkley akasema atavaa 32 kumuenzi mwenzake. Tatizo, 32 ya Philadelphia ilikuwa imestaafishwa kwa heshima ya mkongwe wao, Billy Cunningham, hakuna ruhusa kuivaa. Ikabidi mwenyewe aulizwe, naye Cunningham akakubali. Msimu mzima Barkley akacheza na nambari ya rafiki yake mgongoni, wakati ambao wengine waliogopa hata kugusana jasho na Magic uwanjani. Alipohamia Phoenix mwaka wa 1992 akairudia 34 yake.

Wa tatu ni Shaquille O'Neal, na huyu 34 hakuichagua, ilimwangukia. Chuoni alivaa 33. Alipofika Orlando akakuta 33 ina mwenyewe, akachukua 32. Mwaka wa 1996 akaenda Lakers. Huko 32 ya Magic Johnson imestaafishwa na kutundikwa darini, 33 ya Kareem Abdul-Jabbar imetundikwa. Akasogea mbele hatua moja, 34. Miaka mingi baadaye, uzeeni, akatua Boston, akakuta 32 na 33 zimetundikwa, na 34 iko mgongoni mwa Paul Pierce. Akaishia 36. Ni kama mgeni anayebisha hodi nyumba kwa nyumba.

Na sijamaliza kuhesabu. Ray Allen alivaa 34. Paul Pierce, nimemtaja. Giannis Antetokounmpo, mtoto wa wazazi wa Nigeria aliyezaliwa Athens, anaifahamu vizuri 34 ya Milwaukee, kwa sababu mwaka wa 2021 alifunga pointi 50 nayo usiku ambao timu yake ilitwaa ubingwa. Mnaona tulipofika? Nambari moja, rundo la watu, kila mmoja na habari zake.

Sasa, wasikilizaji, nimfikie yule niliyekuwa nikimfikiria zaidi nyuma ya ile bodaboda. Huyu hatoki Lagos wala Philadelphia. Anatoka Dar es Salaam, jirani hapa tu, anazungumza lugha hii ninayozungumza nanyi. Hasheem Thabeet.

Thabeet alizaliwa mwaka wa 1987. Kikapu alianza kukicheza akiwa na miaka kama kumi na mitano, na ukimwona utajua kwa nini watu walimsukuma uwanjani. Ana urefu wa mita 2 na sentimita 21. Mlango wa kawaida wa nyumba zetu humfika begani au kidogo juu ya hapo. Akatoka Dar akaenda Marekani kumalizia sekondari katika jiji la Houston. Ndiyo, Houston ileile, ambako 34 ya Olajuwon ilikuwa tayari imetundikwa darini mwa ukumbi. Kisha akaingia chuo kikuu cha Connecticut, akavaa 34. Na Connecticut nako 34 ilikuwa na historia, ilikuwa ya Ray Allen.

Chuoni Thabeet alikuwa ukuta. Misimu miwili mfululizo alitajwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo aliyochezea. Mwaka wa 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Juni mwaka huo vilabu vya NBA vikakaa kuchagua. Wa kwanza aliitwa Blake Griffin. Wa pili, Memphis Grizzlies wakasema: Hasheem Thabeet, Tanzania. Sijui kama mnaelewa uzito wa jambo hilo. Mtanzania wa kwanza kabisa kuingia NBA, na hakuingia kwa mlango wa nyuma. Nyuma yake, wa tatu, alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Harden na Curry walikuja kuwa mabingwa wa kutupa mpira ambao kila mtoto mwenye simu anawajua. Thabeet mambo hayakumwendea hivyo. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka kwenye ligi ya chini kupata mazoezi. Mwaka wa 2011 akapelekwa Houston, mwaka wa 2012 Portland, kisha Oklahoma City mpaka mwaka wa 2014. Misimu mitano. Baadaye akacheza Japan na Taiwan. Mpaka leo kuna watu kazi yao kila mwaka ni kupanga orodha za wachezaji waliochaguliwa juu wakaanguka, na jina la Thabeet haliwatoki mdomoni.

Mimi sikubaliani nao, na nitasema waziwazi. Tazameni kijana mwenyewe. Olajuwon alipoingia NBA alikuwa na miaka kadhaa ya chuo cha Houston, na alikulia na michezo miwili iliyomfundisha kutumia miguu na mikono. Harden na Curry walishika mpira wakiwa wadogo. Curry baba yake mwenyewe alikuwa mchezaji wa NBA. Thabeet aliuanza mchezo akiwa na ndevu karibu kuota, katika jiji ambalo viwanja vya kikapu vyenye sakafu vilikuwa vya kuhesabu. Miaka saba baadaye akaitwa wa pili kati ya vijana wote wa dunia. Miaka saba! Mwembe wa ngowe ukiupanda hapa Chara, miaka saba ndiyo kwanza unaanza kukuzoea. Mti wa miaka saba unaulizwa kwa nini hauzai kama mwembe wa babu?

Na tena, yule alivaa nambari nzito. Alipopelekwa Houston mwaka wa 2011 hakuweza kabisa kuivaa 34, kwa sababu darini iko ya Olajuwon na hairuhusiwi kushuka. Mwaka wa 2019 chuo cha Connecticut nacho kiliitundika 34 kwa heshima ya Ray Allen. Fikirieni. Kijana wa Dar aliivaa nambari ile, akaitolea jasho, akazuia nayo mitupo usiku baada ya usiku, na leo akirudi kutembelea chuo chake akainua macho, ataiona 34 inaning'inia na jina lililo juu yake si lake. Sisemi Ray Allen hakustahili. Alistahili. Nasema jasho la Thabeet pia liko kwenye nambari ile, hata kama halikuandikwa.

Hapa nataka tupunguze mwendo kidogo, kwa sababu jambo hili la kustaafisha nambari linanishughulisha.

Desturi ya Wamarekani ni kwamba mchezaji akitukuka, klabu inachukua nambari yake, inaishonea kitambaa kikubwa, inakipandisha darini, na kuanzia hapo hakuna anayeivaa tena katika klabu ile. Alipofariki Bill Russell mwaka wa 2022, yule wa Boston aliyetwaa ubingwa mara 11, NBA ilikwenda mbali zaidi. Nambari yake, 6, ikastaafishwa katika vilabu vyote. Waliokuwa wameivaa waliruhusiwa kumaliza nayo, lakini mtu mpya haipati.

Dikembe Mutombo naye, mtoto wa Kinshasa, 55 yake imetundikwa Denver na Atlanta. Huyu mnamkumbuka hata kama hamjui jina. Ni yule aliyekuwa akizuia mpira wa mtu, kisha anamtikisia kidole cha shahada: hapana, hapana, si hapa kwangu. Kwa kuzuia mitupo ni wa pili baada ya Olajuwon. Mama yake alifariki nyumbani Kinshasa kwa kuwa vurugu na amri ya kutotoka nje zilimzuia kufikishwa hospitalini. Mwanawe akajenga hospitali katika jiji lilelile, ikafunguliwa mwaka wa 2007, akaiita kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Yeye mwenyewe alitutoka Septemba mwaka wa 2024. Ukiniuliza Mutombo anakumbukwa wapi zaidi, katika kitambaa kilicho darini Denver au kwenye kitanda ambacho mama wa Kinshasa anajifungulia usiku wa leo, mimi najua nitajibu nini.

Maana sisi huku tuna desturi nyingine. Babu akifariki, jina lake hatulitundiki darini. Tunampa mjukuu. Mtoto anaitwa jina la babu, na bibi akimwita hamwiti "mjukuu wangu" tena, anamwita "mume wangu", na nyumba nzima inacheka. Hata watu wawili wasiojuana kabisa wakikutana wakagundua majina yao ni mamoja, papo hapo wanaitana somo. Ewe somo yangu, habari za kwako? Udugu umeshaingia. Jina likiwa midomoni mwa watu linaishi. Mtoto akikosea anaambiwa, usimwaibishe babu yako. Akifanya vizuri wanasema, kweli huyu ni fulani karudi.

Wako wachezaji waliofanya hivyo kwa nambari. Manute Bol wa Sudan Kusini, Mdinka mrefu kuliko hata Thabeet, mita 2 na sentimita 31, alivaa 10 alipoingia NBA na timu ya Washington miaka ya themanini. Pesa nyingi alizochuma alizimimina kwa watu wake waliokuwa vitani. Alifariki Juni mwaka wa 2010. Mwanawe, Bol Bol, alikuwa na miaka kumi. Mtoto yule akakua, akarefuka, na alipoanza NBA na Denver Nuggets akavaa 10. Wazee waliomwona Manute zamani wakamwona kijana mrefu mwembamba anakimbia, mgongoni BOL, chini yake 10. Niambieni, kitambaa gani cha darini kinaweza kukufanyia hivyo?

Stephen Curry vilevile, 30 yake ni ya baba yake, Dell Curry. Alipokuwa shule ya sekondari aliitaka, lakini jezi yenye 30 ilikuwa kubwa, inamvaa yeye badala ya yeye kuivaa, akachukua 20 kwanza. Akasubiri mwili umfike.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huo, na najua wako watakaonipinga, tena niko tayari kupingwa. Ningekuwa na mamlaka ningeishusha 34 ya Houston, nikamwita Olajuwon mwenyewe, yu hai, nikamwambia: mzee, chagua kijana. Kama Cunningham alivyoulizwa akakubali. Mwenye jina aulizwe, akiridhia apewe mtu. Na yule kijana atakayepewa, asipofika alikofika Olajuwon, asitukanwe. Mjukuu aliyepewa jina la mganga hodari hatumchapi kwa kutojua dawa.

Muda wangu unakaribia kuisha, naona fundi mitambo ananionyesha vidole, na vyake najua maana yake. Kabla sijaondoka, nina ujumbe kwa kijana wangu wa bodaboda, maana uliniambia redio yako haizimwi.

Ile fulana yako ya zambarau. Lakers huvaa zambarau. Phoenix nao walivaa zambarau enzi za Barkley. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Ioshe taratibu, kwa maji ya baridi, usiisugue na brashi, kisha ianike kivulini uitazame vizuri. Kama nambari bado ina manjano pembeni, hiyo ni ya Shaquille. Kama kifuani kuna mabaki ya alama ya jua linalopaa na miale nyuma yake, mgongoni mwako umembeba Barkley, yule aliyevaa nambari ya mgonjwa wakati watu wakimkimbia. Na kama umeitazama pande zote usione kitu, usiitupe. Jumamosi nitakuwa na safari ya Garsen tena. Uje unichukue pale kwenye mwembe, saa moja asubuhi, uje nayo, tuitazame pamoja mchana kweupe.